Orodha Niliyoibandika Mlangoni

Nilikuwa rais kwa miezi saba. Nilipinduliwa Jumamosi moja asubuhi, katika chumba cha kubadilishia nguo chenye harufu ya soksi, kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Hiyo moja ilikuwa yangu. Kura ilikuwa ya siri, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza.

Acha nieleze jinsi mwanamke aliyeishia sekondari, mama wa watoto wawili, anayesafisha nyumba za vizee vya Kizungu, anavyoweza kuwa dikteta huku Berchem, Ubelgiji, mahali ambapo hata mbwa wanangoja taa ya kijani kuvuka barabara.

Yalianza kwa hasira. Kwangu mengi yanaanza hivyo. Binti yangu alikuwa na miaka tisa na alitaka kuwa kipa. Hakutaka kucheza dansi wala kuogelea wala kufunga mabao, alitaka kukaa golini. Nikampeleka kwenye klabu moja ya karibu. Bwana mmoja akaniambia kwa upole kwamba jina la mtoto limeandikwa, tungoje. Mwaka uliofuata nikarudi, akaniambia tungoje, kwa upole uleule. Mtu akinikatalia kwa ukali ninajua la kufanya: tunagombana, tunamaliza, kila mtu anaenda kwake. Upole ndio unaniua. Nilimjibu kwa Kifaransa ambacho sikujua kama ninacho, kisha nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nitafungua klabu yangu mwenyewe. Kichwa kilikuwa bado hakijaambiwa. Lakini nilipofika kituo cha tramu nilikuwa nimeshaijenga yote, hata rangi ya jezi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Majengo yetu yalijaa watoto ambao wazazi wao walitoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na wengine Bukavu na Goma. Jumatano shule hufunga mchana, basi watoto walibaki kupiga mpira kwenye milango ya gareji mpaka mzee mmoja wa orofa ya chini atoke na simu mkononi, tayari kuita polisi. Nilipita nyumba kwa nyumba. Wiki mbili hazikuisha nikawa na watoto ishirini na wawili, na maman mmoja wa Bukavu, mpana wa mwili na wa sauti, anayetunza wagonjwa hospitalini, aliyesema atanisaidia mradi nisimpigie kelele. Nilimwahidi. Tulicheka wote wawili, kwa sababu hata mimi sikuamini.

Kocha nilikuwa naye. Baba yangu alikaa Ixelles, nyuma ya Flagey, katika studio ya orofa ya nne isiyo na lifti, peke yake tangu mama alipofariki. Nilijua tu kwamba zamani, Lubumbashi, kabla sijazaliwa, alikuwa kipa wa akiba wa timu ya mtaa. Zaidi ya hapo hakusema na sisi hatukuuliza. Tulipokuwa wadogo alikaa na sisi kutazama mpira kwenye televisheni, lakini wimbo wa taifa ulipoanza, wa taifa lolote, aliinuka kwenda msalani. Tulikuwa tunasema kibofu cha papa, ndivyo tulivyomwita baba, kinajua nyimbo zote za dunia. Tulijiona wajanja sana.

Nilipomwomba awafundishe watoto nilidhani atakataa. Akaniuliza swali moja tu: "Kuko gardien?"

Nikamwambia kipa kuko, ni mjukuu wako.

Jumatano iliyofuata alishuka kwenye basi amevaa kofia ya sufu na glovu za bustani. Hakuwafundisha kupiga chenga. Aliwafundisha kuanguka bila kuumia, kusimama tena, na kuinua mikono. Kila mazoezi yalianza hivyo: wote wanasimama kwenye mstari, mikono juu kabisa, na yeye anahesabu polepole kwa Kifaransa mpaka thelathini. Watoto walilia kwamba mabega yanawaka. Yeye alisema "Bado," na tena "Bado." Binti yangu aliinua mikono kama mtu anayetaka kushika dari ya mbingu. Aliacha kumwita babu, akamwita kocha, hata mezani. Mimi, mama yake, nikimwambia ale mboga alikuwa ananiuliza kocha anasemaje.

Bon. Mpaka hapo tulikuwa watu wenye furaha. Kisha nikaenda commune, ofisi za manispaa, kuomba salle, ukumbi wa mazoezi.

Salle ilikuwepo, saa mbili kila wiki, lakini ni ya chama kilichosajiliwa. Walitaka karatasi: jina la klabu, rais, mwandishi yaani katibu, na orodha ya wanachama wote, majina kamili, tarehe za kuzaliwa, anwani. Assurance, yaani bima, nayo ilitaka orodha ileile. Kazi ya urais nilijipa palepale kaunta, bila kumuuliza mtu. Kwa uandishi nilimtaka papa. Mwandiko wake ni wa kutundika ukutani. Majirani wa Flagey walikuwa wanamletea bahasha zao za harusi awaandikie majina.

Alisema mkono unamuuma. Wiki iliyofuata mkono ulikuwa umepona lakini miwani haioni vizuri. Nikamletea karatasi yenye mistari minene kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akaiweka pembeni.

"Andika weye, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Miye uniache."

Nilimcheka, nikamwambia ni karatasi tu, si ndoa.

Wazazi wengine nao walikuwa hivyohivyo. Papa mmoja wa Likasi, mtu wa kanisa, aliniandikia anwani ya kanisa. Mwingine alinipa namba ya nyumba ambayo, nilipoenda kuangalia, ilikuwa duka la kufulia nguo. Maman wa Bukavu, msaidizi wangu mwenyewe, alisema tarehe yake ya kuzaliwa ameisahau. Mwanamke anayekumbuka dawa za wagonjwa thelathini. Kila mtu alitaka mtoto wake acheze, na hakuna aliyetaka kuonekana popote kwamba anaishi mahali fulani.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilikasirika. Nilisema watu weusi hatujui utaratibu, maneno ambayo Mzungu akiyasema ninavua viatu nipigane. Nikachukua daftari, nikazunguka majengo yote, nikasimama kwenye milango mikubwa ya chini nikinakili majina kutoka kwenye kengele: orofa ya pili kushoto, nani, orofa ya tano kulia, nani. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilijisikia shujaa. Yale ambayo kengele hazikusema niliyatafuta kwenye karatasi za shule na kwenye orodha ya mchango wa harusi ya shemeji yangu. Ndani ya siku nne nilikuwa na kila mtu. Juu kabisa, namba moja, nikaandika jina la baba yangu, mwandishi na mwanzilishi, pamoja na anwani yake ya nyuma ya Flagey, orofa na upande wa mlango. Nikamsainia. Nakala moja nikapeleka commune. Nyingine nikaichapa kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye mlango wa salle kwa siku ya ufunguzi, ili watu waone kwamba sasa tumekuwa watu.

Na bado sijafika kwenye wimbo.

Siku ya ufunguzi alikuwa anakuja échevin wa michezo, yaani mkubwa wa commune anayegawa masaa ya salle. Nilitaka apendezwe. Nikatunga wimbo wa kumshukuru. Maneno yalisema yeye ndiye baba yetu, bila yeye watoto wangekuwa barabarani, aishi miaka mingi. Kulikuwa na kukata kiuno kidogo mbele, kidogo nyuma, na mwisho kila mtoto anamwonyesha kwa mkono wa kulia. Tulifanya mazoezi Jumatano tatu mapema, kabla papa hajafika na basi lake, kwa sababu nilitaka kumshangaza. Mtoto aliyekuwa anachezesha midomo bila kutoa sauti nilimhamishia mstari wa mbele, nimwone vizuri. Maman wa Bukavu alisimama ameshika kiuno, akaniuliza: "Weye, hii kitu uliitoa wapi?"

Nilidhani ananisifu. Nikamjibu imetoka kichwani mwangu.

Échevin alikuja kwa baiskeli. Alikuwa bwana mwembamba, kofia ngumu bado kichwani, suruali imefungwa kwa kibanio mguu mmoja. Watoto walipoanza kukata kiuno wakimwita baba, masikio yake yaligeuka mekundu, akaanza kuangalia viatu vyake. Alipiga makofi nje ya mdundo. Kisha akanishika mkono akisema ilikuwa na joto sana, akitafuta neno jingine bila kulipata. Mimi nilitabasamu kama mke wa waziri. Ndipo nikageuka kumtafuta papa.

Alikuwa amesimama mlangoni, anasoma. Sijui alikuwa ameanza lini. Alibandua karatasi kona moja, halafu ya pili, taratibu, bila kuichana. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaondoka. Glovu aliziacha kwenye benchi. Nilitaka kumkimbilia lakini mkubwa wa commune alikuwa bado ameshika mkono wangu, na watoto, ambao niliwafundisha vizuri, walikuwa wameanza wimbo upya.

Jumatano iliyofuata hakuja. Nikapiga simu, haikupokelewa. Jumatano ya pili, vilevile. Nikawaambia watoto kocha ana mafua. Binti yangu alisimama golini amevaa zile glovu za bustani zilizofika mpaka viwiko, akainua mikono, akahesabu mwenyewe mpaka thelathini, kisha akaishusha, na kila mpira uliokuja akauacha upite. Hakujitupa, hakugeuza hata kichwa. Nilimwita pembeni, nikamkaripia kwamba wenzake wanataka kucheza.

"Babu si mgonjwa," akasema. "Amekukasirikia. Kila mtu anakukasirikia, ila wanaogopa kukuambia."

Miaka kumi tu, na mimi ndiye niliyemlipia shule.

Jumatano ya tatu hakuja, na Jumamosi nilipanda basi kwenda Flagey. Soko lilikuwa limejaa, nikapita katikati ya kuku wa kuchoma na maua nikigonga watu kwa mkoba. Hotuba niliianza chini ya ngazi. Orofa ya kwanza nilikuwa nasema kuhusu heshima, ya pili kuhusu mjukuu wake, ya tatu kuhusu mimi na mgongo wangu, na ya nne pumzi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alipofungua mlango alimwona binti yake mdomo wazi, bila sauti. Alinipa maji. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuingia kwake nikiwa kimya.

Mezani kulikuwa na bakuli la supu. Ndani yake kulikuwa na orodha yangu. Alikuwa ameikata kwa mkasi, jina moja moja, vipande vyembamba, na kuvichanganya. Nikafikiri, basi, uzee umefika, sasa nitafute daktari. Pumzi iliporudi hasira ilirudi nayo. Nikamuuliza orodha yangu imemkosea nini. Nikamwambia hapa ni Ubelgiji, hapa orodha ni ya assurance tu.

"Na ya yangu ilikuwa ya licence tu," akasema.

Akaketi. Sikumbuki kama aliniambia nikae, lakini nilikaa.

Alinisimulia huku akitazama bakuli. Timu yao ilianzishwa na mapadri, ilikuwa na jina la mtakatifu. Siku moja ilitoka amri kwamba majina ya kigeni yamekwisha, ya watu na ya timu. Mtakatifu akafutwa kwenye jezi kwa rangi, wakapewa jina jingine ambalo hakuna aliyelichagua. Papa humwita aliyetoa amri ile Mwenye Inchi, mwenye nchi yote. Jina lake sijawahi kumsikia akilitamka, hata yule mtu alipokufa. Kisha Chama chake tawala kikasema michezo yote ni mali yake. Rais wa timu yao, fundi cherehani aliyekuwa ananunua mipira kwa mfuko wake, akaondolewa, wakaletewa mtu wa Chama ambaye hakujua kona inapigwa wapi. Kabla ya kila mechi wachezaji walipangwa katikati ya uwanja kucheza na kumwimbia Mwenye Inchi, refa akingoja na filimbi mkononi. Pembeni alikuwepo mtu wa kuangalia midomo. Anayechezesha midomo bila sauti aliandikwa.

Hapo nilianza kutazama sakafu. Nilikumbuka mstari wangu wa mbele.

Kulikuwa na timu ya Gavana. Timu hiyo haikupaswa kufungwa, na kila mtu alijua, kama mtu anavyojua kwamba mvua inalowesha. Jumapili moja wao waliifunga. Hawakukusudia, alisema, mpira ulikuwa mzuri tu siku ile, na kipa wao, rafiki yake ambaye yeye alikuwa akiba wake, alishika hata mipira ambayo angependa kuiacha. Watu jukwaani wakasahau. Wakaanza kuimba jina la zamani, jina la mtakatifu.

Jumatatu watu wa Chama walikuja ofisini kwa mwandishi wa timu. Walikuwa na adabu, waliomba tu nakala ya orodha ya wanachama, ya licence, yaani vibali vya kucheza, ile ya kila mwaka: jina, mtaa, barabara, namba. Mwandishi alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa ameiandika upya wiki ile, kwa wino mweusi, na alijivunia.

"Walinisifu," baba yangu akasema. "Walisema batu bote bangeandika hivi, kazi ingekuwa mwepesi."

Siku ya tatu wakaanza kuwachukua. Walienda kwa utaratibu wa karatasi, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Hawakuuliza mutu njia. Hata mumoja. Nilikuwa nimeandika mpaka rangi ya mulango."

Mwandishi anajiandika mwisho, ndiyo desturi. Kwa hiyo yeye alipata muda wa kusikia, akatoroka kwa shangazi yake Likasi, akakaa huko mpaka hasira za wakubwa zikahamia mahali pengine. Timu ilivunjwa, uwanja wakapewa wa Gavana. Namba moja kwenye orodha alikuwa kipa. Alitoka baada ya miezi mitano. Mikono yake haikuinuka tena kupita mabega. Shati alivalishwa na mke wake. Yeye na papa waliishi mtaa mmoja miaka kumi baada ya hapo, wakisalimiana kila asubuhi.

"Alijua mwandiko yangu," papa akasema. "Hakuniuliza hata siku moja."

Mimi nina maneno kwa kila kitu, hata kwa dereva wa tramu aliyefunga mlango sekunde moja mapema. Pale nilichagua la kijinga kuliko yote. Nikamuuliza mbona hakutuambia.

"Mulikuwa munacheka kibofu," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Kisha akachukua kipande kimoja kwenye bakuli, akakisoma, akaniuliza anwani za watu wote hawa nilizipata wapi, kama wenyewe walikataa kunipa. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia kwenye kengele za milango, chini, kwa daftari. Akakirudisha kipande bakulini.

"Mama," akasema, "hiyo hata bale ba Chama hawakuifikiria."

Akatetemeka mabega. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakuwa na hakika. Nilimwomba msamaha. Alisema sawa. Nikamuuliza kama atarudi Jumatano. Akasema jina lake liko mahali fulani ndani ya kabati ya serikali, na sahihi ambayo si yake, na mpaka litoke yeye hana miguu ya kufika kule.

Jumatatu nilikuwa commune kabla hawajafungua. Msichana wa kaunta aliniambia orodha haiondolewi, inabadilishwa na nyingine, na ili ibadilishwe lazima wanachama wakutane. Nilimweleza kwamba wanachama hawajui kwamba ni wanachama. Akaomba nirudie. Nilirudia. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Basi nikaitisha mkutano, ule wa chumba cha soksi. Papa aliniruhusu kusimulia nusu, nami nilisimulia nusu, nikiwa nimesimama kati ya ndoano za nguo. Kuhusu kengele nilisimulia yote. Papa wa Likasi, yule wa anwani ya kanisa, aliinamisha kichwa na kusema polepole kwamba kaka yake mkubwa alicheza timu nyingine ya mji uleule. Maman wa Bukavu akanigeukia.

"Ma chérie, miye nilikimbia na batoto mugongoni kwa sababu ya batu wenye kuandika majina. Nilipita inchi tatu. Njo nifike Berchem, nikukute weye na calepin ya kuandikia chini ya mvua?"

Walicheka, namna watu wanavyocheka baada ya kuogopa. Nilipendekeza kura. Kwa kweli nilidhani wakiona unyenyekevu wangu watanibakiza, ndiyo maana nilijipigia. Maman wa Bukavu akawa rais. Kitendo chake cha kwanza kilikuwa kufuta wimbo. Cha pili kunipa mimi kazi ya uandishi, kama adhabu.

Niliifanya vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira na nafsi yangu na hasira ni petroli yangu. Nilikaa na kila mzazi, karatasi mbele yake, kalamu mkononi mwake. Anayetaka anaandika mwenyewe. Asiyetaka, chai inaendelea. Wengine waliandika. Papa wa Likasi aliandika namba ya kweli, akaifikiria, akaongeza hata orofa. Wanne walikataa, na watoto wao hawakuweza kucheza mechi za nje, mazoezi tu. Orodha ilitoka fupi, na commune wakatukata kutoka saa mbili hadi moja. Nilitaka kwenda kupiga kelele. Rais mpya alinikataza.

Kwenye orodha hiyo baba yangu hayumo. Nilimpelekea nakala aisome mwenyewe, mstari kwa mstari, na barua ya commune inayosema ile ya kwanza imeharibiwa. Aliisoma mara mbili akiinyanyulia dirishani.

Jumatano binti yangu alikuwa golini, mikono juu, amefika ishirini na kitu, akitaka kuishusha. Nyuma yake sauti ikasema "Bado." Hakugeuka. Aliongeza tu kuinyoosha. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu vya mtoto ambaye viatu vyake havikuwa na kamba.

Papa alifundisha hivyo mwaka mzima, bila cheo, bila karatasi. Wageni wakiuliza yule mzee ni nani, tulisema anapita tu. Majina ya watoto wote aliyashika kichwani, na ya mama zao, na ya wadogo zao.

Jumatano moja ya masika alitaka kumwonyesha mjukuu wake jinsi ya kumngoja mpiga penalti bila kuyumba. Watoto walipiga mipira laini, haikumfaa. Akasema anataka mtu mzima mwenye nguvu. Wazazi wote wakanitazama mimi. Akasimama kwenye mstari, miwani puani, mikono wazi, akaniambia nipige kweli, nisimhurumie. Mimi ukiniambia kitu kama hicho ninasikia. Nilirudi nyuma hatua sita, nikamfikiria yule bwana mpole wa klabu ya kwanza, nikapiga. Mpira ulimpata usoni, katikati kabisa.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, pamba puani, shati limejaa damu, lenzi moja ya miwani mfukoni mwangu na nyingine sijui wapi. Binti yangu alishika mguu wake. Mwanamke wa mapokezi alikuja na fomu. Akauliza kama ilikuwa ajali ya michezo, nikasema ndiyo. Akauliza kama mgonjwa ni mwanachama wa klabu, kwa sababu kama ni mwanachama assurance ya klabu inashughulikia yote, hata miwani. Niandike tu jina lake na anwani, kisha kama mwandishi nitie sahihi hapa chini. Alinipa kalamu.

Ilikuwa rahisi sana. Hata nia ilikuwa njema, kama mara ya kwanza. Niliangalia kitandani. Papa alikuwa ananitazama kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.

"Hapana," nikasema. "Si mwanachama. Ni baba yangu."

Mwanamke akapiga mstari kwenye fomu, akaenda. Miwani nilinunua mimi, na baba watoto alininunia mwezi mzima kwa bei yake. Papa alifumba lile jicho. Nikadhani amelala. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya mtu mwenye pamba puani:

"Lakini mupira haikuingia."

Uliingia. Uligonga pua yake, ukapanda juu, ukaanguka nyuma yake ndani kabisa ya goli, na watoto ishirini waliuona. Binti yangu alifungua mdomo kumsahihisha. Nilimkanyaga mguu.

"Haukuingia, papa," nikasema. "Uliushika."